Majani yakilowa, usilazimishe kutua

Sisi watu wa Bongo tuna maajabu yetu. Mtu anapanda daladala ambayo mlango umefungwa kwa kamba ya katani, dereva anaongea na simu huku anamenya chungwa, na abiria anasinzia mpaka mate yanamtoka. Mpe tiketi ya ndege sasa! Usiku halali, anapiga simu kuaga ukoo mzima, na ndege ikitikisika kidogo tu anaanza kukumbuka madeni yake yote na ahadi alizowapa watoto wa watu.

Simcheki mtu, maana mimi nina sababu ya kuogopa kuliko wengi. Katika ukoo wetu, kuanzia waliobaki Ndandalo kule Kyela mpaka waliotawanyika Sinza na Tabata, ni mimi peke yangu niliyewahi kuwemo ndani ya ndege iliyotua ikashindwa kusimama. Ilikuwa ndege ndogo, uwanja wa majani, mvua za masika za mwaka 2018. Nilitoka mzima, namshukuru Mungu. Pengine ningeiacha habari hiyo ibaki ya kuchekeshea washkaji kijiweni, lakini miaka sita baadaye mdogo wangu wa kike alikaa mbele ya mama, akasema anataka kusomea urubani. Basi, msomaji wangu, ukoo mzima ukanigeukia mimi: "Wewe ulikuwemo. Hebu sema."

Hapo ndipo kimbembe kilipoanzia.

NDANDALO NDIYO WAPI?

Kwa asiyepajua, Ndandalo ni kata ya wilaya ya Kyela, kule ambako Tanzania inaishia na Ziwa Nyasa linaanzia. Ukitoka Mbeya unapita Tukuyu kwenye baridi na mashamba ya chai, halafu barabara inatelemka, masikio yanaziba, na kabla hujavua sweta joto la Kyela limeshakukumbatia. Ni bondeni, kama mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Upande mmoja kuna ziwa, na ng'ambo yake Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta. Mpunga wa huko huhitaji kuusifia, wali wake wenyewe unajitangaza kwa jirani. Kuna kokoa, kuna mawese, kuna ndizi za kila aina. Na kuna mvua. Mvua ya Kyela haina utani. Masika ikishika, Kiwira na Mbaka zinatoka kwenye njia zao, na watu wanakwenda shambani kwa mtumbwi.

Ninaitaja mvua hiyo kwa makusudi. Mtoto wa Kyela anajua tope tangu hajajua kusema mama. Anajua udongo mkavu ni kitu kimoja, na udongo ule ule ukilowa ni kitu kingine kabisa. Kumbe rubani naye anatakiwa kuyajua hayo hayo, ila yeye anayajua kwa hesabu.

SIKU PANGA BOI LILIPOLAMBA TOPE

Kazi yangu ni ufundi wa majokofu. Siku hiyo nilikuwa naitwa kwenye kambi moja ya watalii, kusini, ambako jokofu la nyama lilikuwa limekufa na wageni wako njiani. Kampuni siitaji, uwanja siutaji, rubani simtaji. Ninachotaka wewe ukione ni kilichotokea.

Ndege ilikuwa Cessna 206. Injini moja puani, panga boi mbele, viti sita ukihesabu na cha rubani. Tulikuwa watu watano: rubani, kijana wa Kitanzania mpole, watalii wawili, mtu na mkewe, mpishi wa kambi aliyepakata trei mbili za mayai kama anapakata mapacha, na mimi. Nilikaa mbele, pembeni ya rubani, kwa hiyo hakuna aliyenisimulia. Niliona.

Tulipofika, chini palikuwa na mstari wa kijani katikati ya pori. Majani mafupi, yamefyekwa vizuri, yanang'aa. Mvua ilikuwa imepita muda si mrefu. Rubani akapita chini chini mara ya kwanza bila kutua. Mpishi akanigusa bega akasema usiogope, anafukuza swala. Kweli, swala wakatimka. Pembeni nikauona ule mfuko mrefu unaoning'inizwa mlingotini kuonyesha upepo. Ulikuwa umelala kama soksi iliyoanikwa.

Tukazunguka, tukarudi kutua. Sasa mfuko ukawa umeinuka, mkia wake unaelekea kule kule tunakokwenda sisi. Wakati huo sikujua maana yake. Maana yake ni kwamba upepo ulikuwa unatusukuma kwa nyuma. Ndege ikawa inaelea juu ya majani, inaelea, inaelea, kama haitaki kushuka. Matairi yalipogusa, nusu ya uwanja ilikuwa imeshabaki nyuma yetu.

Rubani akakanyaga breki. Ndugu yangu, ulishawahi kukanyaga breki ya baiskeli kwenye mteremko wenye matope? Matairi yaliacha kuzunguka, lakini ndege iliendelea na safari zake. Hakuna kelele ya breki, hakuna kishindo. Tuliteleza kimya kimya kama sabuni kwenye sakafu ya bafu. Mbele nikauona mtaro unakuja.

Gurudumu la mbele likaingia mtaroni, likakunjika. Panga boi likachapa tope, injini ikazimika hapo hapo. Ndege ikasimama pua chini, mkia juu, kama bata anayetafuta chakula matopeni.

Halafu kimya. Kimya kile ndicho ninachokikumbuka kuliko vyote. Mvumo mwembamba ulikuwa unatoka kwenye saa za mbele, vile vyombo vinavyozunguka ndani yake vikipungua mwendo taratibu. Na harufu ya petroli.

"Tokeni! Nendeni nyuma, mbali na ndege!" rubani akasema. Hakupiga ukelele, lakini hakuna aliyembishia. Mimi na yeye tulitokea mlango wake wa kushoto. Mlango wa nyuma kulia ulikuwa unagoma, kwa sababu kibawa kile kinachoshushwa wakati wa kutua kilikuwa kimeuzuia usifunguke wote. Mpishi, aliyesikiliza maelezo ya rubani kabla ya safari kuliko sisi wote, akajua cha kufanya. Akafungua nusu ya pili, akawatoa wageni, akatoka wa mwisho. Trei anazo.

Hakuna aliyeumia zaidi ya michubuko. Kati ya mayai 60, yalipasuka manne. Mpishi aliyahesabu pale pale, chini ya mti, mikono inamtetemeka.

MAJANI MABICHI NI SABUNI

Tulipokuwa tunangoja gari la kambi, rubani alipiga simu yeye mwenyewe kutoa taarifa. Hakuficha, hakusingizia swala. Alipomaliza akakaa chini karibu yangu, akang'oa jani akawa analipindapinda vidoleni. Nikamuuliza kilichotokea. Jibu lake nimelibeba mpaka leo.

"Nilikuwa na nafasi ya kurudi juu," alisema. "Tulipoanza kuelea vile, kabla hatujagusa chini. Sekunde mbili, tatu. Nikajiambia itashuka tu. Nikaiachia ipite."

Kurudi juu. Ndivyo marubani wanavyofanya wanapoona kutua hakuendi sawa. Unaongeza moto wa injini mpaka mwisho, unapanda, unazunguka, unajaribu tena, au unakwenda kutafuta uwanja mwingine. Kwenye viwanja vifupi wengi wanajiwekea mpaka: kama theluthi ya kwanza ya uwanja imepita na matairi hayajagusa, hakuna mjadala, unapanda. Mpaka huo unauweka mapema, ukiwa bado juu na akili imetulia, kwa sababu ukishakanyaga breki kwenye majani mabichi, hakuna tena kupanda wala kusimama.

Baadaye, kwa vile mimi ni mtu wa mashine na sipendi kitu nisichokielewa, nilitafuta kusoma. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza imewaandalia marubani wa ndege ndogo hesabu rahisi. Chukua ndege inayohitaji mita 500 kutua na kusimama kwenye lami kavu. Kwenye majani makavu, yasiyozidi sentimita 20 na udongo ukiwa mgumu, ongeza asilimia 15, unapata mita 575. Majani hayo hayo yakilowa, ongeza asilimia 35, unapata mita 675. Na kama majani ni mafupi sana halafu mabichi, utelezi unaweza kuongeza mpaka asilimia 60. Hapo zimekuwa mita 800!

Umeona hiyo? Mimi nilidhani majani yaliyofyekwa vizuri ndiyo salama zaidi. Kumbe mafupi yaliyolowa ndiyo balaa. Ongeza upepo wa kukusukuma nyuma, ongeza mwendo uliozidi kidogo. Ukiingia na mwendo uliozidi kwa asilimia 10 tu, umbali wa kusimama unazidi kwa kama asilimia 20. Kila kimoja peke yake kinavumilika. Vikikutana vyote siku moja, mtaro unakuja.

Hakuna mkosi hapo, wala jicho la mtu. Ni mita tu.

BINTI ANATAKA KURUKA

Sasa tuje Ndandalo, mwaka 2024. Mwaka huo bei ya kokoa ilipanda kuliko watu wa Kyela walivyozoea, na kila nyumba ilikuwa na mipango. Mdogo wangu alikuwa amemaliza shule, hesabu na fizikia zake safi. Akaniita niende nyumbani. Nikapanda basi, zaidi ya kilomita 900, nikafika nimevimba miguu.

Jioni tukakaa uani. Mama kwenye kigoda chake, mdogo wangu mkekani, mjomba amekuja kutoka Ipinda kwa ajili ya kikao. Shikamoo zikapita, habari za mvua zikapita, wali ukaliwa. Ndipo binti akatoa yake. Anataka urubani. Anajua ni ghali. Anajua kuna ekari mbili za kokoa alizoacha marehemu baba.

Mama hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi niliiona ile ya Bukoba."

Nani asiyeikumbuka? Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa inakwenda kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, ikaangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja. Ilikuwa na watu 43. Walikufa 19, wakiwemo marubani wote wawili. Mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika kuokoa watu, na jina lake likajulikana nchi nzima. Ile haikuwa ndege ndogo wala uwanja wa majani, lakini mama hakuwa anaangalia aina ya ndege. Alichokiona kwenye televisheni ni mkia wa ndege umetokeza majini, na wavuvi na mitumbwi yao wameuzunguka.

"Uwanja uko kando ya ziwa," alisema mama. "Na sisi tuko kando ya ziwa."

Mjomba naye akapata pa kuanzia. Akakumbusha ya Mikumi. Hiyo nayo ni kweli: Novemba 28, 2023, ndege mbili aina ya Embraer 120 zilipata ajali siku moja, uwanja mmoja, Kikoboga, ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Ya kwanza ilikuwa inatua, ya pili inaondoka, saa chache tu baadaye. Zote za kampuni moja. "Ule ni mkosi," mjomba akasema. "Pale pana kitu."

Nikamwambia, "Mjomba, mimi nimepita pale juzi na basi, barabara kuu inakatiza hifadhi hiyo hiyo. Na unajua wote waliokuwemo kwenye zile ndege mbili walitoka hai? Ndege mbili, na hakuna maiti hata moja. Ajali ngapi za mabasi kwenye barabara hii zimeisha hivyo?"

Akanyamaza, lakini usoni hakukubali. Nikamwongezea ya mwandishi Mmarekani, Ernest Hemingway. Januari 1954 alikuwa Uganda na mkewe. Ndege yao ndogo, Cessna 180, ikagonga waya wa simu karibu na maporomoko ya Murchison, wakashukia porini. Kesho yake wakapanda ndege nyingine Butiaba, kando ya Ziwa Albert, uwanja mbovu, nayo ikaanguka ikijaribu kuondoka, ikawaka moto. Akatoka ameumia vibaya. Magazeti ya dunia yalikuwa yameshaandika kwamba amekufa, na yeye akayasoma mwenyewe! Mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobel. "Sasa mjomba, huo ni mkosi au ni bahati?"

Mjomba akacheka kidogo. Halafu akaja na lile alilokuwa amelificha tangu mwanzo: "Haya. Lakini mwanamke na ndege, wapi na wapi?"

Hapo mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyejibu. Kumbe alikuwa amejiandaa. Akamsimulia habari za Beryl Markham, binti wa Kiingereza aliyeletwa Kenya akiwa mdogo, akakulia Njoro, akajifunza urubani huko huko. Septemba 1936 alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake, kutoka Uingereza kuelekea Marekani, upepo ukimpinga usoni. Alikuwa anakwenda New York. Baada ya zaidi ya saa 20 angani injini ikakosa mafuta, akatafuta mahali pa kushuka, akakuta Kanada, sehemu inayoonekana kijani kibichi kizuri. Kumbe ni bwawa. Magurudumu yakazama, pua ikaingia kwenye matope. Akatoka kwa miguu, kichwani ana jeraha, akiwa mwanamke wa kwanza kufanya safari hiyo peke yake bila kutua njiani.

"Kwa hiyo na yeye alianguka," mama akasema.

Aisee! Kesi ikaharibika pale pale.

SWALI LA MAMA

Nilikuwa na takwimu zangu tayari, nimeziandika kwenye karatasi. Nikazitoa. Mama akaniambia niirudishe karatasi mfukoni.

"Wewe ulikuwemo," alisema. "Niambie kitu kimoja. Yule kijana wenu, alipoona maji ni mabaya, kwa nini hakurudi?"

Alisema maji. Hakusema majani. Nikamweleza yale ya chini ya mti: zile sekunde mbili tatu, na "itashuka tu". Nikamweleza na mengine niliyoyafikiri mwenyewe baadaye. Wageni wamelipa. Kambi inangoja. Fundi wa jokofu anatakiwa. Ameshazunguka mara moja kwa ajili ya swala, akizunguka tena abiria watasema huyu hajui kazi. Wote tulikuwa tumekaa nyuma ya shingo yake, kila mmoja na haraka zake, bila kufungua mdomo.

Mama akatikisa kichwa taratibu. Ndipo akatusimulia habari za babu, baba yake, ambazo mimi sikuwahi kuzisikia. Babu alikuwa mvuvi, mtumbwi wa gogo moja. Siku moja walitoka mitumbwi mitatu kwenda kutega mbasa. Katikati ya safari babu akaona upepo wa mwera unaanza kuchafua maji upande wa kusini. Akageuza. Wenzake wakamcheka, wakamwita mwoga, wakamwambia mkeo atakula nini leo. Akarudi ufukweni mtumbwi mtupu, watu wanamtazama. Jioni ile, mama alisema, wanawake wa nyumba mbili walikaa mchangani wanaangalia ziwa mpaka giza.

"Sisi tulilala njaa," mama akasema. "Lakini tulilala na baba."

Hakuna aliyeongea. Hata mjomba.

Mama akamgeukia mdogo wangu. "Siku watu wamelipa nauli, bosi anakusubiri, jua linazama, na wewe ni mwanamke na wanaume wanakuangalia kama utaweza. Utarudi?"

"Nitarudi, mama."

"Usinijibu haraka. Nenda ukalale nalo."

Asubuhi, kokoa ikiwa inaanikwa, nilimkuta mdogo wangu amesimama uani. Macho mekundu, hakulala. Mama akatoka na beseni lake, akauliza swali lile lile. Safari hii binti alikaa kimya kwanza. Kisha akasema, "Mama, sijui kama wataniacha kazini nikirudi mara nyingi. Lakini nitarudi. Bora nifukuzwe."

Mama akaweka beseni chini. "Hapo sasa umejibu," akasema.

Shamba la baba halikuuzwa. Mama alitoa fedha za mavuno ya kokoa, mjomba (ndiyo, huyo huyo wa wapi na wapi) akauza ng'ombe, na mimi nikauza pikipiki yangu niliyokuwa naringia nayo Sinza. Zilitosha kwa hatua ya kwanza tu, ile leseni ya mwanzo. Ya mbele tutajua mbele.

WEWE ABIRIA, JE?

Binti sasa anasoma. Katika mambo ya kwanza aliyonisimulia kwa simu, hakuanza na kuruka. Alianza na kurudi juu. Mwalimu wao anawaruhusu washuke mpaka karibu waguse ardhi, halafu anawaamuru waiache ile ardhi na kupanda. Tena na tena, mpaka mkono unazoea. Anasema ndilo zoezi gumu kuliko yote, kwa sababu macho yanaiona ardhi ile pale, karibu kabisa, na mwili wote unataka kushuka.

Na mama? Mama bado anaogopa, asikudanganye mtu. Ila hofu yake imebadilika. Zamani aliniuliza, "Ndege haziwezi kuanguka kweli?" Siku hizi anampigia binti na kuuliza, "Huko kwenu mvua imenyesha? Majani yakoje?" Mama yangu, ambaye hajawahi kupanda ndege, anauliza maswali ya rubani.

Nimeandika haya kwa sababu wasomaji wengi wa ukurasa huu ni vijana, na siku hizi mnapanda ndege. Tangu uwanja wa Songwe uanze kazi Desemba 2012, wakati mbunge wetu wa Kyela, Harrison Mwakyembe, akiwa Waziri wa Uchukuzi, hata sisi wa bondeni tunafika Dar kabla ya chakula cha mchana. Na wengine kazi zinawapeleka mbugani na visiwani, kwenye ndege za viti vitano, viti kumi, viwanja vya changarawe na majani. Siku moja utakuwa umefunga mkanda, uwanja unauona kabisa, halafu ghafla injini inanguruma na ndege inapanda tena. Utasikia watu wanaguna. "Huyu vipi? Mbona anatuchelewesha?" Tafadhali wewe usigune. Mtu huyo amechagua kuonekana hajui kazi ili wewe ufike kwenu. Mkishuka, mpe mkono.

Na kama huna safari ya ndege karibuni, usidhani hayakuhusu. Ngapi kati yetu tunatua kwa lazima kila siku? Mtu anaona kabisa mchumba mwenyewe siyo, anaujua ukweli, lakini kadi zimeshachapwa na kamati imeshakula michango, basi anafunga ndoa. Mwingine biashara inateleza toka mwezi wa kwanza, anakanyaga breki tu kwa mikopo mipya kwa vile ameshawatangazia watu. Theluthi ya kwanza ya uwanja imepita, matairi hayajagusa, na yeye anajiambia itashuka tu.

Babu alirudi na mtumbwi mtupu. Walimcheka siku moja. Ukoo wake ndio huu, mmoja anatengeneza majokofu Sinza, mwingine anajifunza kuruka.

Haya, tukijaliwa, wiki ijayo tena.